Ziara ya Ngome ya Yesu, Mombasa: kasri la watawala waliopishana

Nimezaliwa Mombasa, lakini ni wiki hii tu nilipoizunguka Ngomeni polepole kwa asubuhi nzima, na ninaipendekeza ziara hiyo kwa dhati. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Italia, wakiziinua kuta zake juu ya mwamba wa matumbawe wa pwani yenyewe, na ukiitazama kutoka juu utaona umbo la mtu aliyelala, kichwa chake kikielekea baharini. Buruji za pembeni zilitokeza nje ya kuta ili mizinga ya buruji moja iweze kulinda ubavu wa nyingine. Mwongozaji alitusimamisha hapo akatueleza kwa subira.

Kilichonigusa zaidi ni chumba cha baraza la Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani. Wareno waliondolewa na Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696, na baadaye Wamazrui wakautawala mji kutoka humu. Nilikaa katika chumba hicho muda mrefu nikitazama maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mbao, ambayo kwangu yanapita mizinga yote kwa uzuri. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza hadi 1958.

Vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, navyo vipewe nafasi. Njooni asubuhi, kabla jua halijaanza kuwaka uani.