Intaneti ya ofisi: nyota mbili, fundi wao sifuri

Kampuni siitaji, nimeshaambiwa nina mdomo. Ni hawa waliotufungia intaneti ofisini hapa Ilala. Muda mrefu sikuwa na neno nao, bei inauma lakini inalipika. Kilichonitoa roho ni kompyuta moja, hii yangu ya uhasibu, na kijana mmoja, fundi wao.

Shida ilianza siku chache baada ya kubadilishiwa rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Nafika saa moja na nusu, nawasha, alama inaonyesha nimeunganishwa, halafu hakuna kinachofunguka. Barua pepe hakuna, mfumo wa kodi hakuna, na ritani za VAT mwisho tarehe 20, haisubiri mtu. Wenzangu wakifika saa tatu wanafungua zao, wanacheka na video. Mimi nahangaika na bando la simu yangu, pesa yangu.

Ukipiga huduma kwa wateja, dada wa watu ana sauti ya asali: "Zima kompyuta, subiri kidogo, washa." Na mara nyingine inakubali kweli! Hapo ndipo palipokuwa pananiudhi. Leo inakubali, kesho inagoma, ukieleza unaonekana mzushi.

Wakamtuma fundi. Siku hiyo kompyuta sikuizima tangu asubuhi, nilitaka aione ikigoma kwa macho yake. Akaja mchana. Kijana wa kumzaa kabisa, lakini hodi hakuna, shikamoo hakuna. "Mashine iko wapi?" Huku mkoba wake kaubwaga juu ya mafaili yangu. Nikajikaza, nikawasha birika nimkaribishe chai. Hata kuitikia hakuitikia. Akakalia kiti changu, akabofyabofya, akafuta draiva, ile programu ya kuendesha kadi ya mtandao, akairudisha, akapokea simu mbili za mambo yake. Bado kimya. Akanigeukia: "Mama, mashine imechoka hii. Kadi ya mtandao imekufa."

Nikamuuliza, kadi iliyokufa inafufukaje nikizima na kuwasha? Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akachomoa mkobani kidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, elfu thelathini na tano, risiti hana. Maji yalikuwa yameshachemka, nikazima birika, nikarudi nikamkuta ameshakichomeka, na mtandao unatiririka. Nikalipa. Jioni ile niliona hadi aibu, nikataka kumwandikia ujumbe wa shukrani.

Asubuhi yake, kimya kilekile.

Aliyeniokoa ni kijana wa steshenari hapo chini, aliyeleta rimu za karatasi. "Shikamoo mama, mbona umenuna?" Nikamwaga yote. Hakugusa kitu. Aliniuliza tu: "Ukifika asubuhi unaanza na nini?" Nawasha birika, nawasha kompyuta. "Birika unachomeka wapi?" Kwenye ekstensheni chini ya kaunta. Swichi naibonyeza ya ekstensheni yenyewe, ya birika ililegea siku nyingi.

Akafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akanionyesha: kompyuta yangu inatokea mlango wa namba 192.168.0.1. Akafungua ya mwenzangu, 192.168.1.1. "Mama, nyumba moja milango miwili. Wewe umepewa ule uliozibwa." Akainama chini ya kaunta, akatoka na utando wa buibui kichwani na rauta ya zamani mkononi, taa zinawaka.

Waliofunga mpya hawakuing'oa! Umeme wake kwenye ekstensheni ya birika, waya wake ungali kwenye swichi ya mtandao. Nikichemsha maji, nayo inaamka. Kompyuta yangu ikiwaka inaomba anwani, kongwe lile linawahi kujibu, naelekezwa kwenye laini isiyokuwepo. Chai ikiiva nazima ekstensheni, wenzangu wanakuta rauta moja, ila yangu imeshabaki na anwani ya lile kongwe. Nikizima kompyuta na kuiwasha baada ya chai, inakubali. Kabla ya chai, inagoma. Na yule bwana kidude chake kilishika kwa kuwa birika nilikuwa nimeshalizima. Yaani chai niliyomchemshia, ambayo hakuinywa, ndiyo iliyoniponza elfu thelathini na tano.

Kijana wa steshenari alikataa pesa, akakubali maandazi mawili.

Nilianza kuandika haya niwaite wezi. Lakini niseme kweli, tangu siku hiyo intaneti haijanikatikia hata mara moja, na mwezi huo ritani niliziwahi. Tena aliyeacha rauta kule chini si yule kijana. Ni mzee mmoja mpole aliyekuja kufunga mpya, akanisalimia vizuri, akanywa chai yangu vikombe viwili. Kosa ni lake, na simchukii. Namchukia yule asiyejua kusalimia, na sioni sababu ya kuacha. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, nikikumbuka risiti.

Juzi wamepiga simu, wanaitaka rauta ya zamani, ni mali yao, eti niipeleke kaunta kwao. Iko hapa chini, nimeing'oa waya zote. Waje wenyewe, na wamtume yuleyule. Birika nitawasha, ila elfu thelathini na tano yangu itangulie.