Mafuta ya Mbegu za Bangi Yanayouzwa Mwanza: Yanalainisha Ngozi, Hayatibu Magoti

Katika duka moja la vipodozi lililo jirani na Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, kinauzwa kichupa cha kioo cha kahawia cha mililita 50 chenye picha ya jani la bangi, kwa bei ya shilingi 45,000. Wanaokitangaza hasa si wenye duka bali ni vijana wenye wafuasi wengi Instagram na TikTok, ambao hudondosha matone mawili mkononi mbele ya kamera na kueleza kwamba mafuta hayo yamewaondolea maumivu ya viungo, yamewaletea usingizi, na hata kwamba yanatuliza kifafa cha watoto. Kwa mnunuzi, mafuta na maneno yanayoyauza vimekuwa bidhaa moja, kwa hiyo ninavitathmini pamoja. Chapa na duka sitavitaja, kwa sababu lebo za namna hii hubadilishwa majina upesi, na ninayoyasema yanahusu zaidi ya kichupa kimoja.

Nianze na lebo, kwani ndiyo yenye ukweli kuliko wote waliozungumza nami. Orodha ya viambato imechapwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba ililazimu kuipiga picha kwa simu na kuikuza. Cha kwanza ni Helianthus Annuus Seed Oil, yaani mafuta ya alizeti. Kinafuata Paraffinum Liquidum, mafuta mepesi ya madini yanayopatikana katika mafuta mengi ya kuwapaka watoto. Cannabis Sativa Seed Oil, mafuta ya mbegu za bangi, ni cha tatu, halafu yanakuja kafuri na manukato. Kwa utaratibu wa vipodozi, viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, hivyo aliyelipa shilingi 45,000 amenunua kwanza alizeti.

Mbegu za mmea huu zikikamuliwa hutoa mafuta yanayofaa kuliwa na kupakwa, yenye omega 6 na omega 3 kwa uwiano wa karibu tatu kwa moja, na ngozi kavu huyapokea vizuri. Lakini kanabidioli, kemikali ya mmea huu ifupishwayo CBD na inayosifiwa kwenye video, haimo ndani ya mbegu kwa kiasi cha maana. Hutengenezwa katika tezi ndogo zilizo juu ya maua na majani, na kuipata kunahitaji kazi nyingine kabisa ya kuichuja. Lebo ya kichupa hiki haitaji CBD popote. Anayeitaja ni mtangazaji.

Mama yangu mdogo, ambaye hufungasha dagaa Mwaloni Kirumba na ambaye mikono yake hukaushwa na kazi hiyo, ndiye aliyeyatumia kwa muda wa kutosha. Mikono ililainika, nyufa za vidole zikapungua, na harufu aliipenda. Magoti yaliyomfanya ayanunue yaliendelea kumuuma kila anapoinuka kutoka kwenye kigoda. Alipoyapaka goti, alihisi ubaridi kidogo kisha joto, na video zinasema kwamba hapo ndipo "unaisikia bangi ikifanya kazi." Hiyo ni kafuri, iliyomo katika dawa nyingi za kuchua zinazouzwa kwa bei ndogo kwenye duka la dawa lolote, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo kabla hajafungua pochi.

Nilipomrudia muuzaji na lebo mkononi, alinijibu kwa upole: "Dada yangu, sisi tunauza tu, maelezo yote yako kwa yule dada wa Insta." Fedha hazirudishwi. Ninaamini alikuwa mkweli, na jibu lake linaonyesha jinsi biashara hii ilivyopangwa: mwenye duka hajadai lolote, lebo haijadai lolote, na aliyedai hana duka.

Mtindo huu haukuanzia Mwanza. Marekani ilipohalalisha, kwa sheria ya kilimo ya Desemba 2018, kilimo cha bangi isiyolevya, yaani yenye THC (kemikali inayolevya) isiyozidi asilimia 0.3, bidhaa za CBD zilifurika sokoni huku mitandao mikubwa ikikataa matangazo yake ya kulipia. X ililegeza masharti mwaka 2023 kwa Marekani, na Meta, yenye Facebook na Instagram, ikalegeza kwa kiasi mwaka huohuo, lakini kabla ya hapo kampuni nyingi zilikuwa zimegundua kwamba mtu mwenye wafuasi, akisimulia kana kwamba ni mambo yake binafsi, hupita pale tangazo lisipopita. Kanada iliona hatari hiyo mapema: sheria yake ya bangi ya mwaka 2018 inakataza kuitangaza kwa ushuhuda au uungaji mkono wa mtu. Nchini Marekani, tume ya kulinda walaji inamtaka anayelipwa aseme wazi kwamba amelipwa, na Desemba 2020 iliwachukulia hatua wauzaji sita wa CBD kwa kudai inatibu magonjwa bila ushahidi. Hata yaliyoandikwa kwenye chupa huko si ya kutegemewa sana: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, na 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, huku 18 zikikutwa na THC.

Dai la kifafa ndilo linalonisumbua kuliko yote. Ni kweli kwamba mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili nadra na kali za kifafa, Lennox-Gastaut na Dravet. Dawa hiyo huandikwa na daktari, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na ini hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Kuchukua ukweli huo na kuubandika kwenye alizeti yenye manukato ni ukatili kwa mzazi anayetafuta nafuu ya mwanawe, kwa sababu mtoto anayekatishwa ghafla dawa zake za kifafa anaweza kupata degedege lisilokoma, na hilo huua.

Kuna pia suala la sheria ambalo watangazaji hawaligusi. Nchini Tanzania bangi ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema kichupa chake kimejaa dondoo la bangi ama anadanganya wateja, ama anajitangazia kosa, na aliyekibeba mkobani ndiye atakayetakiwa kujieleza. Vipodozi vipo chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, dawa zipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Katika video nilizoziona, hakuna aliyesema kama amelipwa, wala aliyeonyesha upande wa nyuma wa kichupa.

Kama mafuta ya ngozi, haya ni mazuri ya kawaida: hayanati, yanapenya upesi, ingawa mpira wa kudondoshea unavuja kichupa kikilala. Kwa shilingi 45,000 siyapendekezi kwa yeyote, na kwa maumivu au kifafa siyapendekezi hata yakitolewa bure. Yakishuka hadi bei ya mafuta mengine ya mwili, jani likaondolewa kwenye lebo na watangazaji wakaacha kuyaita tiba, nitamshauri mama mdogo aendelee kuyapaka mikononi.