Ulinzi wa hatua mbili: ununue nini, na nini usinunue

Ulinzi wa hatua mbili maana yake ni kwamba baada ya nenosiri, akaunti inadai uthibitisho wa pili. Ukitafuta mtandaoni namna ya kulinda akaunti yako, haichukui muda kabla hujauziwa kifaa kidogo kinachofanana na flashi, yaani ufunguo wa kuchomeka, bei yake kuanzia takribani dola 30 bila usafiri wala ushuru. Ni kifaa kizuri, lakini wengi wetu hatukihitaji. Njia zilizopo nimezipanga kwa kuangalia gharama, simu tulizonazo na mbinu za matapeli. Akaunti ninayoifikiria ni ya barua pepe, kwa sababu ukisahau nenosiri la Facebook au la mfumo wa maombi ya kazi, kiungo cha kulibadilisha hutumwa huko. Aliyeshika barua pepe yako ameshika zote.

Nafasi ya kwanza: programu ya namba (bure)

Programu hii hukaa kwenye simu na kutoa namba sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Haihitaji bando wala mtandao. Hata ukiwa Muscat na laini ya nyumbani haishiki, namba zinatoka vilevile. Inachotegemea ni saa. Simu iliyowekwa saa kwa mkono ikapotea dakika kadhaa itatoa namba zinazokataliwa, na utadhani akaunti imeibiwa. Iache simu ijipangie saa yenyewe.

Kwa Android chaguo langu ni Aegis: haina matangazo, na nakala yake unaihifadhi mwenyewe, imefungwa kwa nenosiri. Kwa iPhone haipo, kwa hiyo chukua 2FAS au Ente Auth. Google Authenticator inatosha pia, na tangu 2023 inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google. Tatizo ni pale akaunti uliyofungiwa nje inapokuwa hiyohiyo ya Google. Authy siipendekezi tena: mwaka 2024 iliacha toleo la kompyuta, na mwaka huohuo namba za simu za mamilioni ya watumiaji wake zikavuja. Programu yoyote inayodai malipo ya kila wiki ili ikupe namba hizi, ifute tu.

Siku unayoiwasha, chukua pia namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea. Google hutoa kumi, kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwa mkono na uziweke pamoja na vyeti vyako. Ukienda kuziprinti steshenari, faili linabaki kwenye kompyuta ya watu. Ukizipiga picha kwa simu ileile, siku ikiibiwa vyote vimeondoka pamoja.

Nafasi ya pili: funguo za kuchomeka, lakini mbili

Programu ya namba ina tundu moja. Tapeli akikutengenezea ukurasa unaofanana na wa Google, utaandika nenosiri, utaandika na zile namba sita, naye atazitumia hapohapo kabla sekunde hazijaisha. Ufunguo wa kuchomeka haudanganyiki hivyo, kwa sababu kila unapoingia anwani halisi ya tovuti huhakikiwa. Ukurasa wa bandia haupati kitu. Mwaka 2022 wafanyakazi wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, walitumiwa meseji za namna hiyo, na watatu wakaandika nywila zao kwenye ukurasa wa uongo. Wezi hawakuingia, kwa kuwa kampuni ilitumia funguo hizi. Twilio, kampuni ya huduma za meseji iliyolengwa kipindi hichohicho, ilivamiwa.

Kwa hiyo nunua kama wewe ni mwandishi wa habari, mwanaharakati, unashika ukurasa wa biashara unaokulisha, au ni mhasibu anayepokea ankara kwa barua pepe. Kama unalenga kulinda pesa za kwenye simu, bakiza hela yako: M-Pesa na wenzake wanategemea laini na namba ya siri.

Kati ya zinazouzwa naanza na Security Key ya Yubico, ile ya bei nafuu. Titan ya Google inafuata kwa karibu, bei zao zinalingana, nayo huweza kubeba funguo za siri (passkey, zinazotumika badala ya nenosiri) zaidi ya 250. YubiKey 5, inayozidi dola 50, naiweka ya tatu, kwa maana mtu wa kawaida atalipia kazi ambazo hatazigusa.

Kabla ya kulipa, geuza simu uangalie tundu la chaji. Matangazo yanasifu NFC, yaani kugusisha ufunguo nyuma ya simu, lakini simu nyingi za bei ya chini tunazonunua huku hazina NFC. Chukua yenye USB-C uichomeke moja kwa moja. iPhone ya kabla ya toleo la 15 haina tundu hilo, ila NFC inayo. Na kama kompyuta ya ofisini ina matundu mapana ya zamani tu, ongeza adapta.

Usinunue iliyotumika, hata kwa nusu bei. Programu ya ndani ya YubiKey haiwezi kusasishwa, na mwaka 2024 ilibainika kwamba zenye toleo la chini ya 5.7 zina udhaifu unaoweza kutumiwa na mtu aliyekishika kifaa chenyewe akiwa na mitambo ya maelfu ya dola. Hilo halitakukuta mtaani, lakini huna sababu ya kulipia mzigo wa zamani. Ya Yubico ikifika, ihakiki kwenye yubico.com/genuine. Na ziwe mbili, zisajiliwe siku moja, ya pili ibaki nyumbani. Apple yenyewe hukataa kusajili chini ya mbili.

Ufunguo wa siri wa ndani ya simu

Huu unaufungua kwa alama ya kidole au uso, ni bure, na ukurasa wa bandia hauupati. Uwashe kila panaporuhusiwa. Nimeuacha nje ya mpangilio kwa kuwa tovuti nyingi bado hazina, na simu inayopita mikononi mwa familia nzima, kila mtu akijua namba ya kuifungua, inaupunguzia maana.

Nafasi ya mwisho: OTP ya meseji

OTP ni namba ya kutumika mara moja unayotumiwa kwenye simu. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini anayefanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini yake mwenyewe hupokea meseji zako zote. Ndivyo akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, ilivyotekwa Agosti 2019. Laini isiyotumika kwa miezi nayo hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, jambo linalowakuta sana waliohamia ughaibuni. Kwa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukishaweka programu au funguo, rudi kwenye mipangilio uondoe namba ya simu kwenye hatua ya pili. Ikibaki pale, tapeli atabonyeza "jaribu njia nyingine" na kuchagua meseji.