Kalenda ya simu inayosema tarehe ya mke wangu haipo

Naanza na nyota mbili, nikimaliza kuandika tutaona zimebaki ngapi.

Mke wangu kazaliwa tarehe 29 Februari. Utani wote nimeshausikia, eti ana miaka tisa, eti keki inanunuliwa mara moja kila miaka minne, haya mmecheka, tuendelee. Mwaka 2024 siku yenyewe ilipofika nilikuwa mume wa mfano, kila kitu kilienda sawa, na usiku uleule nikasema sitaki tena kutegemea kichwa changu, nikafungua kalenda ya kwenye simu nikaandika bethidei yake, nikachagua siku nzima, nikachagua irudie kila mwaka, nikaweka na kikumbusho wiki moja kabla. Kila mwaka. Ndo maneno yaliyoandikwa pale, sikuyatunga mimi.

Mwaka uliofuata Februari ikapita kimya. Hamna notifikesheni, hamna mlio. Mi nimetulia najua simu itasema, si ndo kazi yake? Nakuja kushtuka Machi imeshakolea na mtu ndani ya nyumba ananijibu "sawa" kwa kila ninachouliza. Unaumwa? Sawa. Nimekukosea? Sawa. Waliooa wanaijua hiyo sawa.

Nikaingia kukagua. 2026 hamna, 2027 hamna, 2028 ndo hiyo hapo imekaa inaning'aria. Yaani kwa hii apu "kila mwaka" ni kila miaka minne, na haikuona haja ya kunionya wakati nabonyeza sevu.

Nikawatafuta huduma kwa wateja, na hapa ndo damu ilipochemka. Nimeeleza vizuri, nimetuma na skrinishoti, jamaa (au roboti, sijui) ananijibu: "Mpendwa mteja, tarehe uliyoweka haipo mwaka huu." Haipo! Mke wangu yupo. Yupo hapo sebuleni kaninunia, tarehe yake ndo haipo? Nikamuuliza sasa aliyezaliwa siku hiyo azeeke vipi, akanirushia linki ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, akafunga chati, halafu wakaniletea fomu ya kuuliza nimeridhika kiasi gani. Nilijaza. Nilijaza sana.

Shemeji yangu anaandika programu, akawatetea kidogo, kasema kalenda hizi zina kanuni yao ya pamoja inaitwa iCalendar, ile ya mwaka 2009 inataka tarehe isiyokuwepo irukwe tu, isisogezwe. Sawa, mkutano wa kazini urukwe, nani atalia? Lakini bethidei jamani! Na kuna apu nyingine unachagua irudie "siku ya mwisho ya Februari" yakaisha, kwa hiyo inawezekana, hawa wameamua tu.

Ila nisiwe mchoyo wa fadhila. Anivesari yetu ya ndoa inaikumbuka bila kosa, za watoto hivyohivyo, na ya mama mkwe ilinistua mapema mpaka nikaitwa "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Hapo nilikaribia kuiongezea nyota ya tatu. Basi ya mke wangu nikaihamishia tarehe 28, nikamwonyesha nikisubiri pongezi, akaniangalia, akasema miaka isiyo mirefu yeye husherehekea tarehe 1 Machi, "ina maana muda wote huu hukuwahi kujua?" Hilo siwezi kuilaumu apu. Ila nailaumu.

Na sasa hivi nikiwa naandika imelia. Kumbe ilizoa tarehe zote za kwenye majina niliyosevu, inanikumbusha kesho ni bethidei ya fundi friji, mtu tulionana mara moja na hela yangu akala. Tena inasema anatimiza miaka mia nne na ushee, maana mwaka wake wa kuzaliwa haukujazwa, yenyewe ikajiwekea 1604. Mtu wa 1604 yupo, mke wangu hayupo.

Nyota moja.