Katekisimu ya Kanisa Katoliki mbele ya swali gumu: mwema asiyebatizwa anaweza kuokolewa?

Hakuna katekista anayelikwepa swali hili. Bibi aliyelea yatima wa kijiji kizima akafariki bila ubatizo, yuko wapi? Na babu aliyezikwa kabla Wamisionari wa Roho Mtakatifu hawajafungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868? Hapa tunaipima Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa kazi hiyo moja tu. Inaifanya vizuri kuliko kitabu kingine chochote ambacho parokia inaweza kumpa mwalimu wa dini. Shida ni kwamba jibu lake limetawanyika, na anayesoma kipande kimoja huondoka na jibu la uongo.

Katekisimu ilitangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, na ina namba 2865, yaani aya zilizopewa namba. Namba hizo hazibadiliki toka lugha moja hadi nyingine, kwa hiyo neno la Kiswahili likikutia shaka, unaweza kulilinganisha mara moja na toleo la lugha nyingine unayoijua.

Wengi huanzia namba 846, penye kichwa "Nje ya Kanisa hakuna wokovu", na wengine huishia hapo hapo. Kichwa hicho kinatisha, lakini maelezo yake ni ya makini: wokovu wote unatoka kwa Kristo kwa njia ya Kanisa, na hukumu inamhusu anayejua kwamba Kanisa limewekwa na Mungu kuwa la lazima, kisha akakataa kuingia au kubaki. Soma tena neno "anayejua". Bibi yetu hakuwa na ujuzi huo. Namba 847 inasema wazi kwamba maneno hayo hayawahusu wale ambao, bila kosa lao, hawaijui Injili wala Kanisa, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na, wakisukumwa na neema, wanajitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowafundisha. Hao wanaweza kuupata uzima wa milele.

"Wanaweza." Neno hilo moja ndilo linalovurugwa kuliko yote, kwa sababu mwalimu mwenye huruma hulisoma kama "watapata". Mwingine huruka "wakisukumwa na neema", na mbele ya darasa jibu linageuka kuwa "ukiwa mtu mwema inatosha". Katekisimu haisemi hivyo popote. Anayeokolewa, hata kama hajawahi kulisikia jina la Yesu, anaokolewa na Kristo.

Chini ya 847 kuna tanbihi fupi inayoelekeza kwenye DS 3866-3872 (DS ni Denzinger-Schönmetzer, mkusanyiko wa hati za mafundisho ya Kanisa). Ni rahisi kuipita, na hilo ni pungufu la kweli la kitabu, maana tarakimu hizo ni barua ya tarehe 8 Agosti 1949 kwa Askofu Mkuu wa Boston. Padri Leonard Feeney alikuwa akifundisha huko kwamba asiye Mkatoliki kwa wazi hawezi kuokolewa, na Roma ikaikataa tafsiri hiyo. Mtu akikuambia kwamba Kanisa lilibadili msimamo kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, barua hiyo ilitangulia Mtaguso kwa zaidi ya miaka 10. Ilistahili mistari miwili katika maandishi makubwa.

Mpangilio nao una kasoro. Onyo kwamba mara nyingi watu hudanganywa na Mwovu wakapotea katika fikra zao liko namba 844, kabla ya 846, hivyo anayeanzia kwenye kichwa kile cha kutisha halioni kabisa. Muhtasari wa namba 866 hadi 870, unaofunga sehemu hiyo, haumtaji asiyebatizwa. Yeye utamkuta mbali mbele, namba 1281, kwenye ubatizo.

Kwa hiyo soma hivi. Anza 843, usiruke 844, endelea mpaka 848, inayosema kwamba wajibu wa kuhubiri Injili uko palepale. Kisha nenda 1257 hadi 1261. Hapo ndipo penye utajiri: Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Aliyeuawa kwa ajili ya imani kabla ya kubatizwa (ndio ubatizo wa damu), mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, aliyefariki kabla ya siku yake, mtoto mchanga, wote wamo. Malizia na 1790 hadi 1793 kuhusu dhamiri, kwa kuwa kutojua si kinga ya kila mtu. Asiyejali kuutafuta ukweli ana hatia yake. Namba 1792 inataja mfano mbaya wa wengine kati ya vyanzo vya dhamiri kupotoka, jambo linalotugusa sisi tuliobatizwa.

Kama swali linamhusu mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo, namba 846 hadi 848 hazitoshi. Ongeza 2125, kisha fungua hati ya Mtaguso, Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 16, inayowataja waziwazi wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumjua Mungu.

Kompendio, yaani muhtasari wa Katekisimu, ya mwaka 2005, yenye maswali na majibu 598, ni nyepesi kubeba. Swali la 171 na la 262 linatosha kwa darasa la kipaimara. Kwa mfiwa halitoshi, kwa sababu ufafanuzi wa dhamiri umebanwa mno.

Anayetaka kujua Waprotestanti wanasema nini atafute kwingine. Kanuni 39 za Waanglikana, kwa mfano, katika kifungu cha 18 zinamlaani anayesema kila mtu ataokolewa na dini anayoishika mradi aishi kwa bidii. Mkatoliki aliyesoma 846 vizuri ataona kwamba hapo hawako mbali kama anavyodhani; wanaachana kwenye 847.

Nunua toleo lenye namba za rejeo pambizoni. Bila hizo, safari ya kutoka 847 hadi 1260 utaifanya kwa kubahatisha.