Kadi ya PCIe40: faiba 48, mlango mmoja wa kutokea

PCIe40 ni kadi inayochomekwa kwenye seva ili kusoma data ya vigunduzi vya chembe. Sifa yake inayotajwa kwanza ni faiba zake: 48 za kupokea na 48 za kutuma, kila moja hadi gigabiti 10 kwa sekunde. Ni kweli, lakini namba hiyo siyo inayoamua kama kadi itakufaa. Kinachoamua ni upande wa seva. Kadi hutoa data kwa PCIe (basi la kuchomekea kadi kwenye seva) kizazi cha 3 yenye njia 16, ambayo kwenye karatasi ni kama gigabiti 126 kwa sekunde. Ukishaondoa vichwa vya pakiti (taarifa za usafirishaji zinazotangulia data), panga kazi yako kwa 100.

Piga hesabu kabla ya kuvuta faiba hata moja. Kiungo cha GBT, mfumo wa faiba wa CERN (maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya) wa kutoa data kwenye kigunduzi, hukimbia gigabiti 4.8 kwa sekunde, na mzigo halisi ni 3.2 urekebishaji wa makosa ukiwa umewashwa. Faiba 48 zikijaa ni gigabiti 153.6, hazipiti. Ukizima urekebishaji, mzigo unapanda hadi 4.48 na faiba 24 tu zinakufikisha 107.5. Kwa hiyo unganisha chache, au fimuwea (programu ya ndani ya kadi) ichuje chaneli zisizo na ishara kabla data haijafika kwenye seva.

Kadi hii ilibuniwa na kituo cha utafiti cha CPPM, Marseille, kwa ajili ya LHCb, jaribio mojawapo la CERN, na ALICE, jaribio jingine la huko, nao wanaitumia. Moyo wake ni FPGA (chipu ambayo saketi zake hupangwa kwa fimuwea) ya Arria 10, na kadi haina kumbukumbu ya nje: bafa kubwa, yaani hifadhi ya muda ya data, ni RAM ya seva. Uamuzi huo umeirahisisha kadi, ila una bei yake. Kumbukumbu ya ndani ya FPGA ni kama megabiti 53. Data ikiingia kwa gigabiti 100, na hata kama ungeweza kuitumia yote kama bafa, inajaa ndani ya nusu milisekunde. Seva ikisita kwa muda mrefu kuliko huo, ama kadi izuie triga (ishara inayoamuru data irekodiwe), ama matukio, yaani rekodi za migongano ya chembe, yapotee. LHCb, ambao tangu 2022 hawana triga ya vifaa kabisa na husoma takriban terabaiti 4 kwa sekunde, hawana hata nafasi ya kuzuia kwa starehe.

Ndiyo maana tunasema seva ipimwe kwa ukali kuliko kadi. Tenga kumbukumbu ya bafa kwenye nodi ya NUMA (prosesa pamoja na RAM iliyo karibu nayo) ileile yenye sloti ya kadi. Kumbukumbu hiyo ikiwa upande wa prosesa ya pili, kila baiti inavuka kati ya prosesa mbili. Endesha amri ya Linux `lspci -vv` uone kiungo cha PCIe kimesimama kwenye kasi na njia ngapi: FPGA hujionyesha kama vifaa viwili vya njia 8, na vyote visome 8GT/s (kasi ya kizazi cha 3) na x8 (njia 8). Kimoja kikishuka hadi x4, kasi inapungua bila ujumbe wowote wa kosa, na utaishia kuilaumu fimuwea isiyo na hatia. Ukipakia fimuwea mpya kwa JTAG (lango la kupangia chipu), kifaa hutoweka kwenye basi; ondoa draiva kwanza, kisha skani basi upya, na ikigoma washa seva upya.

Faiba ndizo zinazokula siku za mafundi. Viunganishi vya faiba vya MPO vina nyuzi 12 pamoja, hivyo vumbi dogo linaweza kuua kiungo kimoja na kuacha 11 vizima. Kagua kila ncha kwa darubini, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Polariti (mpangilio wa nyuzi kati ya ncha mbili) ikikosewa, mpangilio wa chaneli unageuka na unasoma kigunduzi kingine kabisa. Pima nguvu ya mwanga inayopokelewa siku ya kwanza na uiandike. Bila namba hiyo hutajua transiva (kipande kinachotuma na kupokea mwanga) inachoka.

Mfano mzuri wa kuboresha mfumo uliokwisha kukaa ni jaribio la fizikia ya chembe la Belle II huko Tsukuba, Japani. Bodi zao za zamani za kusomea data, za COPPER, zilipokea viungo vinne kila moja, zikategemea prosesa ndogo na kutoa data kwa Etherneti ya gigabiti moja. Zilikuwa zaidi ya 200. Nafasi yake imechukuliwa na PCIe40 zipatazo 20. Kasi imepatikana, na vipuri vya kutunza vimepungua mno. Ila kadi moja ikifa sasa, unapoteza kipande kikubwa zaidi cha kigunduzi, kwa hiyo weka ya akiba ndani ya seva iliyo tayari, siyo kabatini.

Kwa maabara ndogo hatuipendekezi. Haiuzwi kama bidhaa ya dukani, inahitaji leseni ya kulipia ya Quartus (programu ya kutengenezea fimuwea), na inataka mtu anayeandika fimuwea kila siku. Mwenye chaneli 16 za sintileta (vigunduzi vinavyotoa mwanga chembe ikipita) atafika mbali na dijitaiza, yaani kifaa cha kugeuza ishara kuwa namba, ya CAEN V1730: biti 14, sampuli milioni 500 kwa sekunde kwa kila chaneli. Nayo ina mlango wake mwembamba, kwani kiungo chake cha faiba hutoa kama megabaiti 80 kwa sekunde, hivyo fupisha dirisha la kurekodi au hifadhi jumla za chaji badala ya mawimbi mazima.

Mwenye mradi unaoanza kubuniwa leo aitazame PCIe400, kadi inayoifuata PCIe40, yenye FPGA ya Agilex 7 na PCIe kizazi cha 5, kabla ya kuifunga michoro yake kwenye kizazi cha 3.