TAHADHARI: Ukikuta muuzaji ameshaliwasha gari kabla hujafika, usilipe

Ndugu zangu mnaotafuta gari la zamani lililokwisha kutumika, someni hili kabla hamjatoa hela. Nimeuziwa gari lenye gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) iliyoungua, na aliyeniuzia alijua. Jina lake silitaji, ila mbinu zake nazianika zote, maana si yeye peke yake anayezitumia.

Nilipofika nilikuta gari linaunguruma. "Nimekuwashia mapema usipoteze muda," akaniambia, nami nikaona ni ukarimu. Injini ilikuwa imetulia, moshi hakuna, mshale wa joto uko chini ya katikati. Tukazunguka nalo kama dakika 10, tukarudi. Nikachomoa kijiti cha oili: oili mpya, safi kabisa. Nikalipa.

Siku ya nne asubuhi likawaka kwa kutetemeka, kama lina silinda moja isiyofanya kazi, kisha baada ya nusu dakika likatulia. Maji ya rejeta yalikuwa yamepungua na chini ya gari hakuna hata tone. Nikajaza. Kesho yake yamepungua tena. Nikampigia simu. "Hiyo ni mfuniko wa rejeta tu, badilisha," akasema. Nikabadilisha. Siku ya tatu baada ya hapo likachemsha nikiwa napanda mlima.

Fundi alipolifungua ndipo uongo wote ukaonekana. Thermostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Ilitolewa ili maji yazunguke muda wote na mshale wa joto uchelewe kupanda, mnunuzi akijaribu gari kwa mwendo mfupi asishtuke. Ndani ya rejeta kulikuwa na chembechembe zinazometameta kama vumbi la shaba, yaani ile dawa ya kuziba mivujo imemiminwa humo. Silinda hedi ilipoinuliwa, pistoni ya pili ilikuwa inang'aa kana kwamba imesuguliwa, huku nyingine zina masizi meusi. Ilikuwa imeoshwa na mvuke wa maji yaliyokuwa yakiingia pale kwa muda mrefu. Na hedi yenyewe ilikuwa imepinda, kwa hiyo kubadilisha gasketi peke yake kusingesaidia. Ilibidi ipelekwe kusawazishwa uso kwanza.

Gasketi hiyo ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku (mwili wa injini) na silinda hedi, na kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visikutane: moto wa mafuta, maji na oili. Ikipasuka kati ya silinda na njia ya maji, gari likiwa linatembea gesi ya moto inasukumwa kwenye maji. Ukizima, maji yenye shinikizo yanarudi taratibu ndani ya silinda na kulowesha plagi. Ndiyo maana langu lilitetemeka asubuhi tu. Na ndiyo maana muuzaji yule hakutaka nilione likiwa baridi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, subiri ipoe kabisa, hata kama ni saa kadhaa. Akikuharakisha, ondoka. Rejeta ya moto usiifungue kamwe, maji yatakurukia usoni.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uangalie maji: yana utando wa oili? Yana chembe zinazometa? Funga, kisha mwambie awashe, nawe shika ule mpira wa juu unaoingia kwenye rejeta (mikono na nguo zikae mbali na feni na mikanda). Hapa msiwe na haraka. Katika dakika ya kwanza maji bado ni baridi, hayajapanuka, hayana cha kuleta shinikizo. Mpira unatakiwa ubonyee. Ukiukuta umeshakuwa mgumu kama tairi lililojazwa upepo na huku bado ni wa baridi, jua shinikizo hilo linatoka kwenye silinda. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kingeniokoa.

Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni mvuke wa kawaida. Wa kuogopa ni ule usiokoma hata injini ikishapata moto, tena wenye harufu tamutamu ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini kinachowekwa kwenye rejeta). Wengi hutafuta oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, lakini msiitegemee hiyo. Gari la safari fupifupi linaweza kuwa na utando huo chini ya kifuniko cha oili kwa sababu ya unyevu tu, na langu lilikuwa bovu huku oili ni safi.

Kama bado una shaka, fundi ana kifaa kinachovuta hewa kutoka mdomo wa rejeta na kuipitisha kwenye dawa ya buluu. Kwa injini ya petroli, dawa ikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Aongezee kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda: silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao. Na fundi anayekuambia gasketi imeungua bila kupima, naye mkatalie. Mfuniko mbovu, pampu ya maji inayovuja au hewa iliyonaswa baada ya kujaza maji vinaweza kuleta dalili zinazofanana.

Jana nimeona yule muuzaji ametangaza gari jingine la zamani. Maelezo yanaishia hivi: "Piga simu ukikaribia, utakuta nimeshaliwasha."